Keki Iliyopanda Madhabahuni

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Nimeamua. Kuanzia leo Mungu kwanza, mengine yote yasubiri nyuma. Mchungaji amehubiri mpaka miwani ikamteleza puani. Alisema mtu akiutanguliza ufalme wa mbinguni, haya mengine anaongezewa tu. Hapo kwenye kuongezewa nilipiga mstari kwenye Biblia yangu, na pembeni nikaweka nyota. Wengine walikuwa wanasinzia. Mimi nilisikia vizuri sana.

Baada ya ibada nikasimama uani na kina mama wenzangu. Mama Kinanda naye alikuwepo. Tunamwita hivyo kwa sababu mwanawe anapiga kinanda kanisani, na tangu kijana alipokishika, mama yake hajawahi kuzungumza jambo lingine. Leo kasema mwanawe ameitwa kupiga kwenye harusi katika ile hoteli kubwa ya vioo. Akaitaja hoteli tena na tena, kama vile aliijenga yeye.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema hata keki za binti yangu zinaingia hoteli hiyo hiyo.

Si kweli. Bado. Lakini uongo pia siuiti. Ni ukweli uliofika kabla ya wakati wake.

Niandike hapa kwa ajili ya wajukuu watakaosoma: binti yangu, kitinda mimba wangu, anaoka keki ambazo ukila unanyamaza. Mimi shule niliiacha mapema. Yeye amesomea upishi, na cheti chake nimekitundika sebuleni mkabala na mlango, ili hata anayekuja kuomba chumvi akione kabla ya kusema hodi ya pili. Namwita Malkia. Hapendi. Namwita hivyo hivyo.

Sasa lazima keki ziingie hotelini kabla Mama Kinanda hajaulizia.

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Nimeenda. Nilivaa lile gauni la ubatizo wa mjukuu na viatu vinavyobana, mkononi bakuli lenye kipande cha keki ya ndimu. Mlinzi wa getini akauliza nina miadi na nani. Nikamwambia mimi ni mkurugenzi wa keki. Akauliza keki gani. Nikafunua bakuli. Harufu ikampata, geti likafunguka. Aliomba nimwachie kidogo, nikamwambia wakurugenzi hawagawi getini. Wakati wa kutoka nilimwachia makombo yaliyobaki. Ana sura ya mtu mwenye watoto.

Meneja ni mwanamke mrefu, ana haraka hata akiwa amekaa. Alionja huku anasoma simu. Kisha akaiweka simu chini. Akala kipande chote, akaokota na chembe kwa ncha ya kidole. Nilijua hapo hapo kwamba tumemaliza.

Kasema mpishi wao wa keki ameondoka bila kuaga, na Jumapili hii kuna harusi jioni. Anataka keki ya ngazi tatu. Ikipendeza, harusi zote za hoteli zitakuwa zetu. Nikauliza, kwa adabu tu, harusi zao huwa siku gani. Kasema Jumapili, zote Jumapili. Nikasema hakuna shida.

Kuna shida.

Binti yangu haoki wala hauzi Jumapili. Juu ya oveni yake kabandika karatasi: JUMAPILI OVENI IMELALA. Asubuhi ya siku hiyo anafundisha watoto kanisani, mchana anawatembelea wale ambao hawakuja. Nilipomweleza habari ya hoteli aliruka, akanikumbatia, unga ukanijaa kwenye gauni la ubatizo. Nilipofika kwenye neno Jumapili, akaniachia.

Nikamwambia ni hii moja tu. Akasema, Mama, si umesema mwenyewe ni zote? Nikamwambia Mungu anaelewa. Akasema ndiyo, anaelewa, maana walikubaliana. Siku alipoanza kazi alimwambia Mungu siku sita ni za oveni na hii moja ni yake. Akasema kuoka si dhambi, na mtu mwingine akioka Jumapili hana neno naye, ila yeye alitoa ahadi. Akivunja Jumapili ya kwanza, ya pili itajivunja yenyewe. Na wale watoto hawasubiri. Ukiwaacha kidogo tu, ukirudi unakuta wamekuwa watu wengine. Nikamuuliza, hoteli je, inasubiri? Akasema haisubiri, na isisubiri, akarudi kwenye bakuli lake.

Nimemzaa mimi huyu. Msimamo huo kautoa kwangu. Unaudhi kweli.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimepata njia. Imenijia nikiwa naanika nguo, na mawazo yangu mazuri yote huja na nguo mbichi.

Binti anaoka Jumamosi. Mimi naipokea Jumamosi. Jumapili, baada ya ibada, mimi ndiye ninayeipeleka, naye hata hajui. Kwa hiyo yeye hajavunja ahadi, hoteli imepata keki, Mama Kinanda amefunga mdomo, na Mungu bado yuko wa kwanza, maana nitakuwa nimeshasali kabla ya kupeleka. Nimeigeuza kichwani huku na huku, sioni tundu.

Nikamwambia binti kwamba hoteli imekubali keki ichukuliwe Jumamosi. Macho yakamng'aa. Akasema, unaona, Mama, ukisimama na Mungu, watu ndio wanaosogea. Akapiga magoti pale pale jikoni kushukuru, akanivuta mkono, nami nikapiga. Aliomba vizuri sana. Nikasema amina. Kisha nikawa wa kwanza kuinuka. Nikala kipande cha mkate.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Tatizo limebaki moja: joto. Nilimuuliza meneja kama naweza kuipeleka Jumamosi. Kasema haiwezekani, chumba chao cha baridi kimejaa samaki wa karamu. Keki italala humo iamke inanuka bahari. Niilete Jumapili mchana.

Sasa ilale wapi? Mume wangu ni fundi wa mafriji. Mtu angedhani nyumbani kwetu tunatetemeka kwa baridi. Uani tuna mafriji ya wateja yaliyofumuliwa matumbo, na la kwetu liling'olewa mota ili kumwokoa mteja aliyekuwa anakaribia kulia. Nikamuuliza la kwetu litapona lini. Akasema mteja kwanza. Nikamwambia siku hizi katika nyumba hii ni Mungu kwanza. Akasema Mungu hajaleta friji.

Ndipo nikakumbuka ofisi ya Mchungaji. Ina kiyoyozi kipya, kanisa zima hakuna kingine. Ufunguo anao mzee wa kanisa tunayemwita Mzee Funguo. Anazibeba zote kiunoni na kuzitikisa anapotembea ili tusije tukasahau. Nikampelekea keki ndogo kwenye kisahani. Nikamwomba niweke keki kubwa mle ofisini kuanzia Jumamosi jioni. Akauliza, ya nani hiyo? Hapo ndipo nilipopaswa kuwa na jibu tayari. Nikasema, mambo ya kanisa tu, Mzee.

Alifurahi mno. Kasema Jumapili hii ni ile ya sadaka ya vitu, vitu vyote vitalala mle ofisini, na asubuhi wahudumu watavitoa. Kwa hiyo nisijali hata kidogo, yeye mwenyewe atasimamia. Mtu mwema sana yule. Kweli ukimtanguliza Mungu, wasaidizi wanajitokeza wenyewe.

Sadaka ya vitu: nisisahau mche wangu wa sabuni. Mama Kinanda kila mwezi analeta ndoo ya unga, na anavyoibeba kwenda mbele utadhani ni sanduku la agano.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Leo nimeona kazi.

Binti aliamka mapema, akafunga kitambaa kichwani, akaomba, akawasha oveni. Ngazi ya chini ndimu, ya kati vanila, ya juu karoti. Mayai anavunja kwa mkono mmoja huku anaimba. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa mbali. Nilikaa mbali kidogo. Nikapendekeza aandike jina lake juu kwa sukari, pamoja na namba ya simu. Akasema hii ni keki ya harusi, si bango. Nikapendekeza basi upande wa nyuma. Akanipa bakuli nilambe, vile vile nilivyokuwa namfanyia yeye alipokuwa mdogo anasumbua.

Mpaka anamaliza alikuwa amepandisha maua ya sukari kutoka chini hadi juu, jani moja moja, membamba mpaka mwanga unapita. Akasimama anaitazama, mkono kiunoni, unga kwenye kope. Kisha akainua viganja juu yake bila kuigusa, akawaombea maharusi ambao hata hawajui. Wavumiliane. Wasitiriane. Wacheke. Macho yakanilowa. Nilitaka kumwambia ukweli, kwa kweli nilitaka. Lakini alikuwa amechoka, na si vizuri kumsumbua mtu aliyechoka.

Tukaifunika kwa boksi, tukaipakia kwenye pikapu ya mume wangu, nami nikapanda nyuma nikiikumbatia. Binti akabaki mlangoni anatupungia mkono. Kwenye njia panda mume wangu akapunguza mwendo, akasema kupitia kile kidirisha kwamba hoteli iko kulia. Nikamwambia akate kushoto. Akanitazama kwenye kioo. Nikamwambia aangalie mashimo. Akazima redio. Katika ndoa yetu, mume wangu akizima redio ndio amepiga kelele.

Keki iko ofisini kwa Mchungaji. Imelala kwenye ubaridi mzuri kuliko sisi sote.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Naandika jioni, vidole vimekunjamana kwa maji. Nianze mwanzo.

Niliwahi kanisani. Nikapita ofisini, keki ipo, salama kabisa. Nikaliondoa boksi ili ipumue. Kisha nikaenda kuketi mstari wa pili, mtulivu, sabuni yangu nimeshaikabidhi. Binti alikuwa darasani nyuma ya kanisa na watoto wake.

Ukafika wakati wa sadaka ya vitu. Kwaya ikaimba, kinanda kikalia, milango ikafunguliwa. Yakaja mablanketi. Zikaja sabuni. Ikaja ndoo ya unga na Mama Kinanda chini yake. Halafu watu wa nyuma wakaanza kusimama. Nikageuka nione kuna nini.

Wahudumu wenye glavu nyeupe, wawili mbele na wawili nyuma, wamebeba keki. Mzee Funguo anatangulia kufungua njia.

Kwanza niliwaza: keki nzuri, imefanana na ya kwetu. Akili humpa mtu nafasi ya kupumua kidogo.

Wakaiweka madhabahuni, katikati ya mablanketi. Jua likapita dirishani likaingia kwenye yale maua, na kanisa zima likaguna kwa pamoja bila kuongozwa na mtu. Mchungaji akavua miwani. Akauliza nani ametoa sadaka hii.  Mzee Funguo akanyoosha mkono wenye funguo zote, akanionyesha mimi.

Mchungaji akasema, ndugu zangu, Jumapili iliyopita nilihubiri nikidhani nahubiria viti. Kumbe kuna mama alisikia. Wapo wanaompa Mungu kilichobaki chini ya sufuria. Huyu ameleta ngazi tatu. Akaniita mbele.

Niliinuka nikiwa na nia ya kusema ukweli. Nilikuwa nao mdomoni, mfupi tu: samahani, Mchungaji, hiyo ni ya watu. Nikatembea nao mpaka mbele. Nikapewa maiki. Nikageuka, na mtu wa kwanza kumwona akawa Mama Kinanda, amekaa kando ya ndoo yake, mdomo wazi.

Nikasema, Bwana asifiwe.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri, ila wanasema nilizungumza kwa muda mrefu. Nilisimulia jinsi nilivyomlea Malkia. Nikasema wengine wanakimbilia hoteli za vioo, sisi tumekimbilia madhabahu. Wakapiga makofi. Nikalirudia neno hilo. Mchungaji akaiombea keki, akaiweka wakfu, akatangaza kwamba ibada ikiisha itapelekwa hospitalini, kwenye wodi ya watoto. Nikaitikia amina kubwa kuliko za wote, nikarudi kuketi, nikakiweka sawa kilemba.

Ndipo nikamkumbuka bibi harusi.

Mwisho wa ibada watoto huingia kupokea baraka. Binti akaingia amewashika wawili mikono. Akaiona keki. Akanitazama. Akaitazama keki tena. Mama Kinanda akamwinamia, akamwambia, hongera mwanangu, mama yako leo katumaliza wote.

Alinipeleka nyuma, kwenye tangi la maji. Akauliza, Mama, ile keki ilikuwa iliwe na nani, na lini? Nikaanzia kwenye joto, nikapitia kwa samaki, nikagusia mota ya friji. Akasema, Mama. Nikamwambia yote. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakupaza sauti, na ni afadhali angepaza. Akasema tu kwamba Jumanne tulipiga magoti pamoja jikoni, akamshukuru Mungu kwa jambo ambalo halikuwepo, na mimi nikasema amina.

Nikafungua bomba la tangi, nikalifunga tena. 

Nikasema basi tuirudishe upesi, Mzee Funguo ni mwelewa. Au tuchukue ngazi ya juu tu, hospitalini hawajui zilikuwa ngapi. Akasema imeshatolewa, imeshaombewa, watoto wagonjwa wameshaahidiwa. Hairudi. Lakini yule bibi harusi naye hajatukosea kitu. Akainuka, akajipangusa gauni. Akamwomba mwalimu mwenzake awatembelee watoto badala yake. Kisha akaniambia twende. Nikauliza wapi. Akasema, hotelini, Mama, na wewe ndiye utakayeeleza.

Nilieleza. Meneja alisikiliza ameishika simu kwa mikono miwili. Shangazi wa bibi harusi naye alikuwepo, mwanamke mwenye sauti ya king'ora. Aliuliza kama nina akili timamu. Aliuliza kama kanisani kwetu tunachukua keki za watu kila wiki au ni leo tumeamua. Kelele zikamtoa bibi harusi mwenyewe, nusu ya uso imepakwa poda, nusu bado. Akauliza keki iko wapi. Binti yangu akamwambia kwa upole kwamba wanaila watoto wagonjwa wakati huu, na kosa ni letu, na amekuja kulirekebisha kama atakubali.  Bibi harusi akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyejibana tangu alfajiri, mpaka poda ikaanza kushuka. Akasema hata hivyo mwenzake hapendi karoti.

Binti akaomba jiko. Kasema muda hautoshi kwa ngazi tatu, ila anaweza kuoka keki ndogo ndogo, kila mgeni yake, azipange kama kilima. Meneja akauliza bei. Binti akasema leo hayuko kazini, anarekebisha, na kurekebisha hakuna bei. Shangazi akapunguza king'ora.

Akafunga aproni juu ya gauni la kanisani. Kabla ya kuwasha oveni alisimama mbele yake amefumba macho. Sijui waliongea nini yeye na Mungu wake. Sikuthubutu kuuliza. Kazi yangu ilikuwa trei. Ananipa chafu, namrudishia safi. Sijawahi kuosha vyombo kimya namna hiyo tangu nizaliwe. Mume wangu alikuja kutufuata, akakaa pembeni anapaka siagi kwenye trei kwa vidole vyake vya kufungua nati, naye kimya. Tulikuwa familia ya watu kimya. Jirani angetuona asingeamini.

Harusi ilipoanza kilima kilikuwa kimesimama. Bibi harusi alimlisha mwenzake keki nzima kwa mkupuo, bwana harusi akapaliwa, ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Mwana wa Mama Kinanda alikuwa pale kwenye kinanda chake. Kaniona napita na trei, taulo nimelifunga kiunoni. Akanisalimia kwa heshima, shikamoo mama. Kijana mwenye adabu. Sasa hivi mama yake ameshaambiwa yote.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Meneja kapiga simu asubuhi. Binti akaiweka simu kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa na unga, kwa hiyo nilisikia kila neno bila hata kujibanza mlangoni.

Kasema hajawahi kuona mikono kama ile. Anataka binti awe mpishi wao wa keki. Aje kila Jumapili, mapambo achague mwenyewe, na jina lake litawekwa kwenye kibao pale mapokezi. Kibao. Pale mapokezi. Nikauma mtandio.

Binti akamshukuru, tena kwa moyo wote. Akasema siku nyingine yoyote ataoka usiku na mchana, ila Jumapili ana watoto. Meneja akasema anamwelewa, lakini harusi ndizo zinazoendesha hoteli, basi itabidi atafute mwingine. Wakaagana vizuri. Simu ikakatika. Kibao kikaondoka nayo.

Nikamuuliza kama hajaumia. Akasema, nimeumia sana, Mama, niache nikande. Akakanda. Baada ya muda akaanza kuimba, mwanzoni sauti ya chini, halafu ile yake ya kawaida inayofika mpaka kwa jirani. Nilitamani kumkasirikia, nikashindwa. Mtu ameacha kibao cha mapokezi na anaimba.

Alipomaliza akakaa mbele yangu. Akasema hoteli itapona, ila yeye anataka akipiga magoti na mama yake ajue anashukuru kwa kitu cha kweli. Akaniomba niahidi kwamba sitampokelea tena kazi yoyote ya Jumapili. Nikaahidi, mikono yote miwili juu. Akaniomba pia niende nikamwambie Mchungaji. Hapo mkono mmoja ulishuka, nikaupandisha tena.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Nimemwambia Mchungaji. Nilianza na habari ya kiyoyozi, nikimsifu, lakini macho yake hayakunisaidia, ikabidi nifike kwenye keki. Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akawa mpole. Kasema Mungu hana upungufu wa keki, Mama, anachokitaka ni wewe mwenyewe. Kumtanguliza Mungu si kumpa nafasi ya mbele kwenye foleni ya mipango yako. Ni kumwachia mipango yenyewe. Maneno mazuri sana. Niliwaza watu wengi ambao yangewafaa.

Kasema Jumapili ijayo nisimame mbele ya kanisa niseme ukweli wote, kwa maiki ile ile. Alidhani nitasita. Nikakubali hapo hapo.

Njiani nilikutana na Mzee Funguo. Kasema kule wodini palikuwa na sherehe. Mtoto mmoja aliyekuwa anakataa kila chakula aliomba ua moja la sukari, kisha akaomba lingine. Muuguzi akalia. Mkono wa binti yangu huo. Nimeshawaambia watu wote wa mtaa huu, nimebakiza wale wa ng'ambo ya barabara.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Mimi ni mtu mpya. Nalala vizuri, naamka nikiimba. Mchungaji amenipa zoezi la kusoma Biblia kuanzia ukurasa wa kwanza kabisa, kidogo kidogo kila siku, ili nijifunze kunyamaza mbele za Mungu. Nimenyamaza tangu asubuhi, isipokuwa pale nilipomweleza jirani jinsi ninavyonyamaza. Toba ya Jumapili nimeshaiandaa. Nimeijaribu mbele ya kioo, inatoa machozi. Mume wangu kaomba iwe fupi, nikamwambia toba haipunguzwi.

Mchana simu ikalia. Yule shangazi mwenye king'ora. Kasema wageni bado wanazungumzia zile keki, na yeye mwenyewe ana binti anayeolewa mwezi ujao, nyumbani kwao, bustanini, hakuna hoteli. Anataka kilima kama kile, mara tatu yake, na safari hii atalipa kama watu wanavyolipa. Sherehe ni Jumapili.

Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba sisi ni watu wa Mungu kwanza. Jumapili hatupokei kazi, hata aje nani. Nilijisikia vizuri mno. Nilitamani Mchungaji awe pale asikie. Shangazi akasema basi, pole yake, maana siku wameshaipanga, Jumapili jioni, jua likishazama.

Jua likishazama.

Nikamwambia asikate simu. Nikafungua Biblia pale pale nilipoishia asubuhi. Sikukosea. Mungu alipoanza kuhesabu siku, alianza na jioni, ndipo ikaja asubuhi. Jioni kwanza. Na sisi wenyewe huwa tunasema usiku wa kuamkia Jumatatu. Kwa hiyo Jumapili jua likishazama, kwa hesabu ya mbinguni, Jumapili imeshakwisha. Hiyo ni Jumatatu, siku ya kazi kabisa. Nilikaa nikaitazama ile aya. Siku zote hizo ipo hapo, na hakuna aliyeiona isipokuwa mimi, ambaye shule niliiacha mapema.

Nimemwambia shangazi aje kesho achague maua. Binti nitamwambia sherehe ni Jumatatu. Safari hii sidanganyi. Nina andiko.